Tumcheke Mwenye Kosa

Ziko sinema za zamani za kuchekesha, zile za mtu mnene na mtu mwembamba, Laurel na Hardy, ambazo hata leo watoto wetu wanazitazama na kushika mbavu. Nyingi ni fupi, dakika ishirini hivi, na nyingi ni habari za nyumba ya ndoa: bwana anadanganya, bibi anagundua, sahani zinaruka, bwana anakimbia. Zikionyeshwa katika jumba la parokia mbele ya wachumba na watu wa ndoa, watazamaji wanatoka wamegawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni la wakali. Wao wanasema: "Haifai! Mambo haya yanawafundisha wanawake kuwatawala mabwana zao. Ndoa ni sakramenti, haichezewi." Kundi la pili ni la watu wa raha. Wao wanasema: "Acheni ukali. Ni mchezo tu. Kicheko hakina dhambi."

Nasema bila kuficha kwamba makundi yote mawili yamekosea, tena yamekosea jambo lile lile. Wote wanamkazia macho bibi mwenye sufuria mkononi. Wakali wanamwogopa, watu wa raha wanamcheka. Hakuna anayemtazama bwana na kuuliza: huyu alifanya nini dakika kumi kabla ya sufuria kuinuliwa? Na humo ndimo lilimo fundisho lote. Kicheko si dhambi, lakini wala si kitu cha bure. Kicheko ni hukumu. Ukimcheka mtu mbele ya watu umekwisha kumhukumu. Basi yatupasa kujiuliza kama tumemhukumu mwenye kosa, au tumemhukumu aliyekosewa.

Uongo ulipopata mdomo

Tuanze na habari yenyewe, maana wengi hubishana juu ya kitu wasichokijua. Stan Laurel, yule mwembamba, alizaliwa Uingereza, katika mji wa Ulverston, mwaka 1890. Oliver Hardy, yule mnene, alizaliwa Marekani, katika mji wa Harlem, jimbo la Georgia, mwaka 1892. Walifanya kazi pamoja katika studio ya Hal Roach, huko Culver City, California. Mwanzoni filamu zao zilikuwa bubu kama filamu zote. Mwaka 1927 sinema ya Marekani ilianza kusema, na mwaka 1929 Laurel na Hardy nao wakasema kwa mara ya kwanza, katika filamu fupi iitwayo Unaccustomed As We Are.

Watu hudhani sauti iliongeza kelele tu. La, sivyo. Katika sinema bubu mtu aliteleza, akaanguka, akapigwa keki usoni, na kosa lake lilikuwa la miguu na mikono. Sauti ilipokuja, uongo ulipata mdomo. Bwana aliweza kutunga hadithi mbele ya bibi yake, nasi tukamsikia akiitunga. Bibi naye aliweza kusikiliza simu na kujua yote. Ndiyo maana filamu zao fupi za miaka ile, tangu 1929 hata 1935, zimejaa mambo ya nyumba, kwa kuwa nyumbani ndipo maneno yanaposemwa asubuhi na jioni, ya kweli na yasiyo ya kweli.

Sasa nitazieleza chache, ili msomaji ahukumu mwenyewe.

Katika ile ya kwanza ya 1929, Hardy anamleta rafiki yake nyumbani kula. Njiani anamsifia chakula kizuri kitakachowekwa mezani, lakini bibi yake hajaambiwa neno. Bibi amechoka na desturi hii ya kuletewa wageni bila habari, anaghadhibika, anatoka na kuacha mlango ukigonga. Wanaume wawili wanajaribu kupika wenyewe. Gesi inalipuka, na nguo ya mama jirani aliyekuja kuwasaidia inashika moto. Mama yule anabaki na nguo ya ndani tu, na kwa hofu wanamficha sandukuni. Bwana wa yule mama ni polisi. Anasikia kwamba sandukuni mna mwanamke, anadhani ni mwanamke wa siri wa Hardy, na badala ya kumwonya anamsaidia kulificha sanduku kwake. Huko anaanza kujivuna kwa habari za wanawake wake mwenyewe, wala hajui kwamba bibi yake yumo ndani ya sanduku lile, anasikia yote.

Niambieni, ndugu wasomaji: katika habari hii kosa la mwanamke liko wapi? Mmoja aliletewa mgeni bila kuambiwa. Wa pili alikuja kusaidia, akaungua nguo, kisha akasikia uzinzi wa bwana wake kwa mdomo wake mwenyewe. Hata hivyo tukitoka jumbani tunasema: "Aa, wanawake wale walikuwa wakali!"

Ya pili inaitwa Blotto, ya mwaka 1930. Wakati ule sheria ya Marekani ilikataza pombe, tangu 1920 hata 1933. Bibi wa Laurel alikuwa ameitunza chupa moja ya pombe. Laurel na Hardy wanapatana kwa simu kutoroka usiku kwenda kilabuni pamoja na chupa ile. Ili kupata ruhusa, Laurel anajiandikia mwenyewe telegramu ya uongo, kana kwamba ameitwa kwa shughuli kubwa. Lakini bibi amesikia mapatano yote katika simu ya pili. Hasemi kitu. Anaimwaga pombe, anajaza chai baridi pamoja na viungo vikali, anairudisha chupa mahali pake. Wanaume wanafika kilabuni, wanakunywa, wanalewa! Wanalia machozi, wanacheka mpaka meza inatikisika, na yote hayo ni kwa chai. Bibi anapofika na kuwaambia walichokunywa, ulevi unawatoka mara moja, na hofu inaingia.

Hakuna mahubiri juu ya ulevi yaliyo bora kuliko chupa ile ya chai. Inaonyesha kwamba watu wale hawakutamani pombe hasa. Walitamani kutoroka. Kilichowalevya ni hila yenyewe, ile tamu ya kumzunguka mtu aliyekuamini. Ni wangapi kati yetu, huko Kenya au Katuba au Ruashi, ambao chupa ya Simba inakuwa tamu kwa sababu tu nyumbani hawajui wako wapi?

Ya tatu ni Helpmates, ya mwaka 1932. Bibi wa Hardy amesafiri. Bwana amewaita rafiki zake kwenye karamu ya usiku, na nyumba imekuwa kama jalala. Asubuhi inafika telegramu: bibi anarudi mchana huu. Hardy anamwita Laurel wasafishe haraka. Wanasafisha chumba hiki, wanachafua kile. Kila nguo ya Hardy inaharibika, mpaka anakwenda stesheni amevaa mavazi ya sherehe. Anarudi peke yake, jicho limevimba. Na nyumba? Laurel alitaka kuwasha moto mzuri wa kuwakaribisha, akatumia petroli, na nyumba yote imeteketea. Mwishoni Hardy ameketi kitini kati ya kuta zisizo na paa, na mvua inaanza kumnyeshea.

Tazameni vizuri. Hawakuharibu nyumba kwa karamu. Waliiharibu kwa kuficha karamu. Kama bwana yule angeketi katika uchafu wake na kusema, "Mama, nimekosa, nisaidie kusafisha," angepata maneno makali ya saa moja, na usiku angelala chini ya paa lake.

Nne, nitaitaja moja iliyo ndefu kuliko dakika ishirini, maana inafunga hoja yote. Ni Sons of the Desert, ya Desemba 1933. Mabwana wawili wanataka kwenda Chicago kwenye mkutano wa chama chao. Hardy anajifanya mgonjwa, na daktari anamwandikia safari ya bahari mpaka Honolulu. Daktari mwenyewe ni wa wanyama! Wanakwenda Chicago na kuimba na kucheza. Kumbe meli itokayo Honolulu imezama katika tufani. Bibi zao wanahangaika kwa uchungu kutafuta habari za mabwana zao. Kisha wanaingia sinema kupitisha saa, na pale, katika filamu ya habari za ulimwengu, wanawaona mabwana zao wakiandamana Chicago, wazima na wenye furaha. Mabwana wanaporudi, Laurel analia na kusema kweli yote. Bibi yake anamfunika blanketi na kumpa sigara na chokoleti. Hardy anaendelea na uongo mpaka neno la mwisho. Bibi yake anachukua sufuria na sahani zote za jikoni na kumtupia moja baada ya nyingine.

Wanaume wawili, kosa moja, safari moja, siku moja. Mmoja alipata blanketi, wa pili alipata sufuria. Basi sufuria zile hazikutupwa kwa ajili ya Chicago. Zilitupwa kwa ajili ya Honolulu.

Jibu kwa wakali

Kwa hiyo ninyi mnaosema filamu hizi zinadharau ndoa, naomba mnionyeshe mahali ndoa inapodharauliwa. Kinachodharauliwa humo ni uongo wa bwana. Na ikiwa mtu anajisikia amedharauliwa yeye, ajiulize kwa nini kofia ile inamkaa kichwani sawasawa.

Tena jina moja la zamani linawajibu. Wakati ule ufundi wa kuweka sauti ya lugha nyingine juu ya filamu ulikuwa bado mchanga. Laurel na Hardy walizicheza upya baadhi ya filamu zao kwa Kifaransa, Kihispania na lugha nyingine, wakisoma maneno yaliyoandikwa kwa matamshi tu, pasipo kuzijua lugha zenyewe. Blotto kwa Kifaransa iliitwa Une nuit extravagante. Nayo Be Big! ya mwaka 1931, ambamo Hardy anajifanya mgonjwa ili yeye na Laurel wasisafiri na bibi zao, iliunganishwa na filamu nyingine na kupewa jina Les Carottiers. Kila aliyesoma Kifaransa shuleni anajua neno hilo: watu wa hila, wanaokwepa wajibu wao kwa ujanja. Jina halikusema "Wanawake Wakali". Jina lilimtaja mwenye kosa kwa kosa lake.

Desturi ya kumtupia mwanamke lawama haikuanza Hollywood. Ni ya zamani kama bustani ya Edeni. Adamu alipoulizwa juu ya tunda, hakuanza kwa kusema "nimekula". Alimwonyesha kidole bibi yake, tena akamgusia na Mungu aliyempa bibi huyo. Mabwana wengi wangali wakilitumia jibu hilo. Mshahara umekwisha katikati ya mwezi? Ni bibi. Mtoto amefukuzwa shule kwa ada? Ni bibi. Bwana amerudi saa saba ya usiku? Ni kwa sababu bibi ana kelele. Filamu hizi zinatuonyesha Adamu bila majani yake, na ndiyo sababu wakali hawazipendi.

Jibu kwa watu wa raha

Sasa nawageukia ninyi mnaosema ni mchezo tu. Ninyi nawaogopa zaidi, kwa maana mkali anafikiri japo anafikiri vibaya, lakini ninyi hamtaki kufikiri kabisa.

Filamu zile ni nzuri, lakini si Injili. Nazo zina kasoro yake, na lazima isemwe. Bwana ana mambo mengi humo: ana rafiki, ana chama, ana tamaa, ana hofu, anachekesha, tunampenda. Bibi amepewa kitu kimoja tu, hasira. Mara chache sana tunaonyeshwa akipika, akihesabu fedha, akingoja usiku dirishani. Anaingia mwishoni na bunduki au sufuria, kama mvua ya mawe isiyo na sababu. Watungaji walijua vema nani mwenye kosa, maana hadithi zao zinasema hivyo. Lakini walimpa mwenye kosa uso wa mtoto, na aliyekosewa walimpa uso wa simba. Mtazamaji mvivu anafuata uso, hafuati hadithi. Ndivyo anavyotoka jumbani amemhurumia mwongo.

Na hapa kwetu uvivu huo una gharama. Katika filamu bibi anamfukuza bwana, risasi zinalia, hakuna anayeumia. Sisi makatekista tunajua kwamba nyumbani mambo mara nyingi huenda kinyume. Anayegonga mlango wa katekista usiku si bwana aliyepigwa sufuria. Ni mama aliyefunika jicho kwa kitenge, na mtoto mgongoni. Alikuwa ameuliza swali moja tu: "Baba fulani, fedha ziko wapi?" Na majirani wa lupango, badala ya kumhurumia, wanasema kwamba alitaka kumkalia bwana wake. Neno hilo "kukaliwa" tunalisema kwa kicheko, na kwa kicheko hicho tunampa bwana ruhusa ya kuinua mkono. Usiniambie basi kwamba kicheko hakina kosa.

Wala mama wasidhani kwamba nawapa bunduki ya bibi yule wa Blotto. Hasira yenye haki nayo ina mpaka. Iko filamu yao iitwayo The Music Box, ya mwaka 1932, iliyopewa tuzo la Academy huko Marekani, tuzo la kwanza la filamu fupi za kuchekesha. Humo Laurel na Hardy wanapandisha piano katika ngazi ndefu kwa taabu kubwa. Mwenye nyumba anarudi, anaiona piano, anaghadhibika kwa kuwa anazichukia piano, anashika shoka na kuivunja. Ndipo anapoambiwa kwamba ile ilikuwa zawadi aliyonunuliwa na bibi yake. Hasira iliyotangulia swali ilivunja zawadi. Somo hili ni la bwana na la bibi pia: uliza kwanza.

Kicheko chetu wenyewe

Wengine watasema: haya ni mambo ya Wazungu, yanatuhusu nini? Yanatuhusu, maana hata hapa Kongo swali la nani amcheke nani lina historia yake.

Mwaka 1945 serikali ya Kibelgiji iliweka sheria kwamba Mwafrika asionyeshwe filamu isipokuwa ile iliyokubaliwa kwa ajili yake na kamati ya ukaguzi. Mtu mzima, baba wa watoto, fundi wa mashine, alichaguliwa cha kutazama kama mtoto mdogo. Mamisionari nao walitengeneza filamu zao. Katika miaka ya 1950 Padri Albert Van Haelst, wa shirika la Scheut, alitengeneza huko Luluabourg, ndiyo Kananga ya leo, filamu za kuchekesha za Wakongo wawili, Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Watu waliwafananisha na Laurel na Hardy. Katika miaka ya 1990 Tristan Bourlard alitengeneza filamu ya kuwakumbuka, na watu wakawacheka tena kwa furaha.

Wachezaji wale walikuwa hodari, na Padri yule aliipenda kazi yake. Siwatukani. Lakini utaratibu wa wakati ule ulikuwa na upungufu wake: aliyeshika kamera na aliyeamua lipi ni la kuchekwa hakuwa mmoja wa waliochekwa. Kicheko kikishikwa na mtu wa nje kinaweza kumwangukia yule asiyejua mambo ya mji, kana kwamba kutojua ni dhambi. Kutojua si dhambi. Kudanganya ndiyo dhambi. Kicheko kinachomwangukia mjinga kinamwacha mdanganyifu amekaa salama.

Ndiyo maana sisi wa Lubumbashi tuna sababu ya kumshukuru Odilon Kyembe Kaswili, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina Mufwankolo, pamoja na kundi lake. Michezo yao ilisikika redioni na kuonekana katika televisheni kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga. Mwaka 1986 kundi lile lilitunga mchezo juu ya mamlaka ya chifu, ambao mtaalamu Johannes Fabian aliuandikia kitabu kilichotoka 1990. Lakini watu wa mitaani waliwapenda hasa kwa habari za nyumba: ndugu wasiokwisha kuja, fedha zisizofika, bwana mwenye maneno makubwa na mfuko mtupu. Wacheza walikuwa wetu, lugha ilikuwa yetu, na aliyechekwa alijijua mwenyewe pale alipoketi. Hicho ndicho kicheko kinachofaa. Kinatoka ndani ya nyumba na kinaingia ndani ya nyumba.

Mshahara na uongo wa kwanza

Na uongo wa kwanza katika nyumba za Katanga ni upi? Mara nyingi si wa mwanamke wa nje. Ni wa fedha.

Tangu mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilitaka wafanyakazi wake wakae na bibi zao kambini, ikawapa nyumba na posho ya familia. Mwaka 1967 kampuni ikawa ya serikali, na baadaye ikaitwa Gécamines. Kwa miaka mingi baba alikuwa mtu wa mshahara na mama mtu wa posho, na bibi wengi hawakujua mshahara wa bwana ni kiasi gani. Siri hiyo iliitwa heshima. Kisha kampuni ikaanguka katika miaka ya 1990. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, kila mmoja na fedha zake za mara moja. Mama ndio waliokwenda sokoni na makala, na mboga, na unga wa bukari, wakalisha nyumba.

Wakati huo ndipo ilipoonekana thamani ya ukweli. Nyumba ambamo bwana na bibi walizihesabu fedha zile pamoja mezani, na nyumba ambamo bwana alizificha akidai hazijatoka, hazikufika mahali pamoja. Na bwana aliyemcheka jirani yake kwamba "amekaliwa" kwa sababu alimwonyesha bibi fedha zote, aliketi mwishoni kama Hardy katika kiti chake, bila paa, akinyeshewa. Huyo jirani hakukaliwa. Aliketi na bibi yake, nao wakaketi sawa.

Nifanye nini basi na filamu hizi? Nasema zionyeshwe. Zionyeshwe kwa wachumba kabla ya arusi, na kwa watu wa ndoa, wanaume na wanawake pamoja katika jumba moja, wala si wanaume peke yao. Lakini taa ikiwashwa watu wasitawanyike. Wabaki, na waulizwe maswali matatu.

La kwanza: nani alisema uongo wa kwanza, na aliusema dakika ya ngapi? La pili: nani aliumia bila kosa? La tatu: yule mwongo angeweza kusema kweli wakati gani, na ingemgharimu nini? Swali hili la tatu ndilo lenye uzito. Mtaona kwamba katika kila filamu ukweli ulikuwa rahisi mwanzoni, ukapanda bei kila dakika, mpaka mwisho ukagharimu nyumba nzima. Mchumba akilielewa hilo amepata fundisho ambalo vitabu vingi vya ndoa hulieleza kwa taabu.

Mkali atasema bado: na heshima ya bwana je? Ndugu, heshima ya bwana haikutoka siku bibi alipotupa sufuria. Ilitoka siku alipotaja Honolulu. Na watu wa raha watasema: unatunyima kicheko. La hasha. Chekeni mpaka machozi yatoke. Ila mkicheka, mjue mnamcheka nani. Ikiwa ni yule aliyeketi katika kiti chako, cheka kwa nguvu zaidi, kisha nenda nyumbani ukamwambie mama watoto ni kiasi gani kilichomo mfukoni.